Namna ya Kuandika Wasifu wa Manowari Ukiwa Umesimama Ras Kazone

Kila manowari ya enzi za Malkia Victoria ina wasifu wake, tena uliopangwa kwa unadhifu: ilijengwa wapi, ilishushwa majini lini, ina tani ngapi, ilibeba mizinga mingapi, manahodha wake walikuwa akina nani, ilipigana wapi na iliishia wapi. Kijana wa Tanga, Pangani au Mkinga akiukuta wasifu wa namna hiyo, hamu ya kwanza inayompata ni kuutia Kiswahili mstari kwa mstari. Asifanye hivyo. Atakuwa ameipatia meli karani wa bure, na manowari za Uingereza hazikuwahi kupungukiwa na makarani. Mwongozo huu unamwonyesha njia nyingine: namna ya kuisimulia manowari huku umesimama upande ule ambako makombora yake yalikuwa yakiangukia.

Anza kwa kuchagua meli, na chagua ndogo. Meli kubwa zina sifa kubwa, lakini zilikaa mbali kwa kuogopa miamba. Zile ndogo za mizinga ndizo zilizosogea hadi watu wa pwani wakaweza kuhesabu vichwa vya mabaharia kwenye sitaha. Nakushauri uchukue HMS Thrush. Ilishushwa majini mwaka 1889 huko Greenock, Scotland. Ilikuwa na tani 805, urefu wa futi 165, mizinga 6 ya inchi 4, na mabaharia wasiofika 80. Ilikwenda kwa injini ya mvuke, lakini ilikuwa na milingoti na matanga pia, maana makaa ya mawe hayakupatikana kila bandari. Mbavu zake zilikuwa za chuma na ubao wake ulipigiliwa juu ya chuma hicho. Fundi wa majahazi wa Pangani asingehitaji mkalimani kuielewa. Angepapasa mbao, angegonga huku na huku kwa nyundo yake, angetazama kalafati, kisha angeuliza kwa nini wameivisha shaba chini badala ya kuipaka deheni kila ikipandishwa pwani. Muulize fundi kama huyo kabla hujaandika neno lolote kuhusu ujenzi wa meli. Atakupa aya nzuri kuliko zote utakazozitoa vitabuni.

Kisha pima maji. Hapa waandishi wengi hupita haraka, na ndipo penye siri yote. Thrush ilihitaji kina cha pima mbili hivi ili ielee. Manowari kubwa kama HMS Fox, ambayo tutakutana nayo Tanga baadaye, ilihitaji zaidi ya pima tatu. Tofauti hiyo ya pima moja, katika pwani ambayo maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, ndiyo iliyoamua nani apigwe na nani aachwe, na saa ngapi. Mvuvi wa Tanga anajua ni wakati gani fungu linatoka nje ya maji na ni wakati gani dau linapita juu yake bila kugusa. Nahodha wa Kiingereza alilazimika kulijua hilo pia, kwa kutuma mashua mbele na mtu wa kutupa timazi. Kwa hiyo, popote utakaposoma kwamba meli “ilisogea karibu na pwani,” simama ujiulize maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Andika jibu kabla ya kuandika jina la nahodha.

Ukishapima maji, ndipo umtaje nahodha. Kwa Thrush hutakosa la kusema. Mwaka 1890 meli hii ilikabidhiwa kwa Mwanamfalme George, mjukuu wa Malkia, akaenda nayo upande wa Amerika ya Kaskazini na visiwa vya Karibi. Wasifu wa Kiingereza hulitaja jambo hili kwa fahari, na wewe litaje vilevile bila kinyongo, kwa sababu lina kazi mbele. Kijana huyo alikuja kuwa Mfalme George wa Tano mwaka 1910. Vita vilipofika Tanga mwaka 1914, mabaharia waliotia nanga hapa walikuwa wakimtumikia yeye. Nchi ya Tanganyika ilipowekwa chini ya Waingereza, ilikuwa chini ya taji lake. Liweke jina hilo pembeni, tutalihitaji.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Unguja tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasri siku hiyohiyo na kujitangaza sultani, bila ruhusa ya balozi mdogo wa Uingereza. Amri ikatolewa ashushe bendera na kutoka kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Andika saa kwa Kiswahili, saa tatu, wala usiandike saa tisa. Msomaji wako anatakiwa aone jua la asubuhi likiwa limeshapanda juu ya paa za Mji Mkongwe, wauza kahawa wakiwa wameshamaliza mzunguko wa kwanza, na watu wapatao 2,800 wakiwa wamejipanga ndani na nje ya kasri, nyuma ya maboma ya mbao na masanduku. Wengi wao walikuwa raia wa kawaida. Wengine walikuwa watumishi na watumwa wa kasri, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kukaa humo.

Mbele yao, majini, zilikuwapo manowari tano chini ya Admirali Harry Rawson: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Saa tatu na dakika mbili Racoon, Thrush na Sparrow zilianza kupiga. Kombora la kwanza la Thrush liling'oa mzinga mmoja wa sultani kutoka kwenye gurudumu lake. Beit al-Hukm ikawaka moto, na Beit al-Sahel ikaharibiwa vibaya. Meli ya sultani iliyoitwa Glasgow ilijaribu kujibu kwa mizinga yake ya kizamani, ikazamishwa palepale bandarini. Milingoti yake ilibaki ikichungulia nje ya maji hadi mwaka 1912, na kila jahazi lililoingia Unguja kwa muda wa miaka kumi na sita lililazimika kuikwepa.

Hapa kuna mtego, nao umewanasa waandishi wengi wazuri. Mtego wenyewe ni dakika 38. Watakuambia hivi ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, na utaona watu wakitabasamu wakilitaja jambo hilo, wakilitumia kwenye mashindano ya maswali na majibu. Usiliweke kwenye kichwa cha habari. Chukua kalamu upige hesabu. Upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500. Gawanya kwa dakika 38. Utapata watu 13 kila dakika moja, kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja, naye alikuwa ndani ya Thrush, akatibiwa akapona. Sentensi hizo mbili ziandike zikifuatana, bila kivumishi hata kimoja kati yake. Mimi sijapata kuona namna bora ya kuisimulia asubuhi ile, na nimesoma simulizi zake nyingi.

Baada ya makombora, tafuta bili. Hili ni sharti la mwongozo huu ambalo sitalilegeza: usimalize sura ya vita yoyote ya pwani bila kuuliza nani alilipa. Unguja walilipa waliopigwa. Wafuasi wa Khalid walitozwa gharama za makombora yaliyowaangukia wao wenyewe pamoja na hasara ya maduka yaliyoporwa siku ile, jumla rupia 300,000. Wasifu wa manowari hauna ukurasa wa mapato na matumizi. Wako uwe nao.

Halafu mfuate Khalid, usimfuate nahodha. Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani na kukaa humo zaidi ya mwezi, huku askari wa Waingereza wakimngoja nje ili wamkamate mara tu atakapokanyaga ardhi ya Unguja. Tarehe 2 Oktoba 1896 iliingia manowari ya Kijerumani, Seeadler. Wajerumani wakangoja maji yajae. Yalipojaa, mashua ilipelekwa hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, lililokuwa ufukweni, na Khalid akavuka kutoka ardhi ya ubalozi moja kwa moja hadi ndani ya mashua ya Kijerumani. Hakukanyaga mchanga wa Unguja. Wenye bunduki walibaki wakitazama. Sultani wa siku mbili aliokolewa na kitu kilekile nilichokuambia upime kabla ya kutaja jina la nahodha, na maji yale hayakuhitaji amri ya mtu kupanda.

Alipelekwa Dar es Salaam, akaishi huko hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916 katika Vita Kuu, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Sasa lichukue lile jina uliloliweka pembeni. Stempu za Tanganyika zilizotolewa kuanzia mwaka 1922 zilikuwa na kichwa cha twiga. Mwaka 1927 zikatoka mpya, zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano. Mwaka uleule aliozikwa Khalid, barua za Tanga zilianza kusafiri zikiwa na sura ya nahodha wa zamani wa Thrush. Mambo haya mawili hayapo katika wasifu wa meli, ingawa ni ya meli moja na pwani moja.

Thrush yenyewe haikumaliza maisha yake vitani. Ilifanywa chombo cha walinzi wa pwani ya Uingereza, kisha cha kutandaza nyaya za simu chini ya bahari, kisha cha kuokoa shehena za meli zilizozama. Tarehe 11 Aprili 1917 ilipanda mwamba karibu na Glenarm, kaskazini mwa Ayalandi, ikaishia hapo. Ndugu yake Sparrow alipelekwa New Zealand, akapewa jina la Amokura na kufanywa shule ya vijana wa ubaharia. Ziandike habari hizi kwa mistari michache tu. Uzee wa manowari usile nafasi ya watu.

Ukimaliza Unguja, vuka urudi Tanga, na njiani angalia bendera. Malkia alikuwa wa Uingereza, lakini enzi zake zilikuwa na mizinga ya mataifa mengine pia. Tanga ilionja ya Kijerumani kwanza. SMS Möwe, manowari ndogo iliyokuwa imeshatumika mwaka 1884 kupandisha bendera ya Ujerumani Togo na Kameruni, ilikuja kupiga Tanga Septemba 1888, wakati pwani nzima ya Mrima ilipokataa kutawaliwa na kampuni ya Wajerumani. Pangani ndiko moto ulikoanzia mwezi mmoja kabla, na ndiko Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, alikonyongwa Desemba 1889. Zipo wasifu za meli zinazoiweka miaka hiyo yote katika sentensi moja: “ilihudumu Afrika Mashariki.” Ukiikuta sentensi hiyo, ipasue. Ndani yake mna Tanga, mna Pangani iliyotekwa Julai 1889, mna Bwana Heri wa Saadani aliyeshikilia hadi mwaka 1890, na mna shehena za silaha na safari za watumwa zilizozuiliwa na meli zilizofunga pwani kuanzia Desemba 1888.

Tanga ikae nayo muda mrefu. Nenda Ras Kazone maji yakiwa yamejaa, utazame mlango wa ghuba. Utakiona kisiwa cha Toten katikati, mikoko upande wa pili, na njia nyembamba ya meli. Hadi miaka ya karibuni meli kubwa zilikuwa zikitia nanga nje, shehena ikiletwa kwa matishali, hadi bandari ilipochimbwa kina. Tarehe 2 Novemba 1914, katika msimu wa tangambili ambapo upepo haujaamua unakotoka, iliingia hapo HMS Fox peke yake. Ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1893, kwa hiyo nayo ni mtoto wa enzi za Victoria. Ni kubwa kuliko Thrush mara tano na zaidi, haifai kuitwa ndogo, lakini Tanga haikuchagua meli ya kuitembelea.

Nahodha wake, Caulfeild, alikuja kutangaza kwamba makubaliano ya kutoshambulia mji yamefutwa. Makubaliano hayo yaliletwa mwezi Agosti na HMS Pegasus, ambayo kufikia Novemba ilikuwa imeshazamishwa bandarini Unguja na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba. Caulfeild akampa mkuu wa wilaya, Auracher, saa moja ashushe bendera. Akauliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Saa zikapita, bendera ikabaki juu, na Fox ikatoka kwenda kuzileta meli za jeshi zilizokuwa zikingoja mbali. Hapa ndipo uhesabu muda kwa makini, maana kila saa ambayo manowari ilitumia kwa adabu na kwa kuogopa mabomu yasiyokuwapo, treni iliitumia kushuka kutoka Moshi. Reli ya Usambara ina kilomita 350 hivi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliwapakia askari wake wakaja kwa mafungu, naye mwenyewe alipofika usiku aliingia mjini kwa baiskeli ili akague mitaa. Mtu yeyote wa Tanga atalipenda jambo hilo, na ni halali yake.

Waingereza na Wahindi wapatao 8,000 walishuka Ras Kazone kukutana na watu wapatao elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 walisonga mbele kupitia mashamba, kwenye joto, baada ya wiki kadhaa za kubanana melini. Nyuki wakatibuliwa kwenye mizinga yao mitini na kuwavamia. Fox ilipoombwa kusaidia kwa mizinga, haikuona shabaha kwa sababu ya miti, na kombora lake moja likaangukia hospitali. Jeshi lilirudi majini tarehe 5 likiwa limepoteza zaidi ya watu 800, kati ya waliouawa na waliojeruhiwa au kupotea, na likaacha ufukweni bunduki, bombomu na risasi kwa maelfu, ambazo ziliwalisha wapinzani wake kwa muda mrefu. Waingereza waliingia Tanga tena Julai 1916. Unapoyaandika haya, usiwasahau Wahindi wa Palamcottah na Kashmir, waliokufa kwenye pwani ambayo wengi wao hawakuwahi kulisikia jina lake, wala askari Waafrika waliopigana upande wa pili. Makaburi yao yapo hapa. Nenda ukayasome kabla ya kusoma ripoti za maadmirali.

Somo la mwisho lipo Manza, kaskazini kidogo, upande wa Mkinga, na ningependa kila mwandishi wa pwani alijue kwa moyo. Tarehe 14 Aprili 1915 HMS Hyacinth iliifukuza humo meli ya shehena iliyotoka Ujerumani, Rubens, iliyokuwa imejifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg. Ilibeba silaha, risasi na makaa ya Königsberg iliyojificha delta ya Rufiji. Injini moja ya Hyacinth iliharibika katikati ya mbio, hivyo Rubens ikawahi kuingia ghuba. Nahodha wake, Christiansen, aliifungulia maji ikakaa kwenye kina kifupi, akawasha mbao juu ya sitaha. Manowari ikapiga, ikaona moshi, ikaridhika, ikaondoka. Katika wasifu wa Hyacinth hapo ndipo panapowekwa nukta.

Wewe usiiweke. Baada ya manowari kuondoka ndipo kazi ya Manza ilipoanza. Watu walizama kwenye shehena iliyolowa na kuitoa sehemu kubwa: bunduki, mizinga, nguo, masanduku ya risasi. Risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani, zikafungwa tena. Mizigo ikabebwa vichwani kutoka ufukweni kuelekea bara. Vita vya Lettow-Vorbeck viliendelea kwa miaka mitatu na nusu mingine, sehemu yake kwa migongo iliyoinama siku zile pale Manza, na kwa chakula kilichotolewa vijijini bila malipo. Manowari iliyoandika kwamba imemaliza kazi haikuwa imemaliza chochote. Mwandishi anayesimama kwenye sitaha yake hawezi kuliona hilo, ila anayesimama mchangani ataliona wazi.

Rasimu yako ikiwa tayari, usiipeleke kwa mchapishaji kwanza. Ipeleke kwenye baraza Moa, Mtimbwani au Bweni, baada ya swala ya alasiri, uisome kwa sauti. Tani na inchi zitawapitia wazee bila kuwagusa, na hapo ujue ni aya zipi za kupunguza. Akitokea mmoja akakukatiza kwamba babu yake alikuwa miongoni mwa waliobeba masanduku ya Manza, weka karatasi chini. Muulize walipita njia ipi, walilala wapi usiku wa kwanza, na kama alilipwa.